Kinga ya Nani, Dhidi ya Nini? Neno Moja Zahanatini, Maabarani na Mahakamani

Makala haya yanachunguza neno moja tu, nalo ni kinga. Nimelichagua kwa sababu katika mji wa Eldoret neno hili husikika kila siku vinywani mwa watu watatu ambao hawakutani mara nyingi: muuguzi wa kliniki, mwalimu wa sayansi, na mwanasiasa pamoja na wakili wake. Kila mmoja hulitumia kana kwamba ni mali yake peke yake, na kila mmoja hueleweka. Neno kuwa na maana nyingi si ajabu. Lugha ambayo kila neno lake lina maana moja tu ingekuwa mzigo usiobebeka. Linalonishughulisha ni jambo jingine. Neno linapohama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, huenda na baadhi ya mizigo yake na mingine huiacha njiani. Ninadai kwamba neno kinga lilipoingia katika siasa liliacha nyuma nusu ya maana yake, na kwamba nusu hiyo haikupotea kwa bahati mbaya tu.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho shina. Mswahili anayetembea njiani husema amekinga mvua kwa jani la mgomba; anazuia maji yasimfikie. Akifika nyumbani husema amekinga maji ya mvua: ameweka pipa chini ya mchirizi wa paa, na hapo anataka kila tone liingie. Mvua ni ile ile na kitenzi ni kile kile, lakini tendo la kwanza linafukuza na la pili linapokea. Vivyo hivyo mtu hukinga uso asipigwe, na hukinga kiganja apewe. Kinachounganisha matendo haya ni wazo moja la kuweka kitu katikati ya njia ya kitu kingine kinachokuja. Gogo lililolala likakata barabara tunasema limekingama. Ukingo ni mdomo wa chombo na pia kando ya mto, yaani mahali ambapo maji huzuiwa na papo hapo hukusanywa. Kuzuia na kupokea, basi, ni pande mbili za tendo moja, wala si maana mbili zilizogongana kwa bahati. Ipo pia kinga ya moto, kile kipande cha ukuni kilichokwisha kushika moto, ambacho kimo katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hiyo naiweka kando, ingawa najua wapo watakaopenda kuifunga kwenye shina hilo hilo.

Kitenzi hiki kina jambo jingine linalomhusu mwanaisimu. Kinadai washiriki wengi. Tukisema mama alimkinga mtoto na jua kwa kanga, tumewataja wanne: anayekinga, anayekingwa, kinachozuiwa, na chombo. Kila mmoja ana mahali pake na hakuna anayeweza kudhaniwa kuwa mwenzake. Tukigeuza kitenzi kiwe nomino, washiriki hao wote hulazimika kupita katika mlango mmoja mwembamba, nao ni ule unganishi -a. Kinga ya malaria ni kinga dhidi ya malaria. Kinga ya mtoto ni kwa ajili ya mtoto. Kinga ya mwili ni ile ambayo mwili wenyewe unayo. Kinga ya chandarua ni ile inayopatikana kwa chandarua. Kwa umbo, miundo hii minne ni sawasawa. Ni ujuzi wetu wa mambo ya dunia, wala si sarufi, unaotwambia nani adui na nani rafiki. Msomaji aliweke hili akilini, kwa sababu tutalirudia tutakapofika mlangoni pa Ikulu.

Katika tiba neno hili limefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Bango la afya linaposema kinga ni bora kuliko tiba, maana yake ni kuzuia ugonjwa kabla haujaingia. Daktari anaposema kinga ya mgonjwa imeshuka, maana yake ni uwezo wa mwili wenyewe wa kupambana na vijidudu. Mshauri anapowaambia vijana watumie kinga, anataja mpira wa kiume kwa neno la heshima. Hizi ni maana tatu, na zote hupita katika kliniki moja asubuhi moja. Hana kinga ni kauli juu ya damu ya mtu. Hakutumia kinga ni kauli juu ya mwenendo wake. Kwa kuwa neno ni moja, kauli ya kwanza imekuwa ikisikika kwa mwangwi wa ya pili, na wagonjwa wengi wamebebeshwa lawama na neno hilo kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kuwalaumu. Susan Sontag aliandika juu ya mafumbo ya aina hii katika vitabu vyake vya 1978 na 1989, hasa yale ya kivita. Kwetu sisi fumbo halikutoka vitani. Lilitoka chini ya paa wakati wa mvua, na bado likaweza kuumiza.

Jina la ugonjwa wenyewe linastahili kutazamwa kwa makini. Ulipoonekana Kagera mnamo 1983 watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Baadaye likaja neno Ukimwi, lililoundwa kwa silabi za upungufu wa kinga mwilini. Naliona kuwa moja ya maneno yaliyoundwa kwa ustadi mkubwa katika Kiswahili cha karne ya 20: linatamkika, linaingia katika ngeli ya u- bila kusukumwa, na lina sura ya neno la siku zote. Hata hivyo herufi yake ya kwanza ina mashaka. Wapo wanaoifumbua kuwa upungufu, na wapo, hasa hapa Kenya, wanaoifumbua kuwa ukosefu. Kwa kuwa yote mawili huanza na u-, kifupisho hakikumlazimu mtu kuchagua. Lakini tofauti ni kubwa. Kilichopungua kinaweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo. Katika miaka ambayo dawa zilikuwa hazipatikani, ukosefu ulilingana na yale watu waliyoyaona kwa macho yao. Tangu dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kuwafikia wagonjwa wa kawaida, na hapa Eldoret mpango wa AMPATH ulianzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani na washirika wake, neno upungufu ndilo lililothibitishwa na maabara. Seli za CD4 huhesabiwa. Zikiwa chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, hali ni ya hatari; zikipanda, mgonjwa hupata nafuu. Wagonjwa wenyewe walilitambua hili kabla yetu sisi wa kamusi. Husema kinga yangu imepanda, kinga yangu imeshuka, kama mtu anayechungulia kimo cha maji katika pipa. Nadhani hawakukosea. Wamerudi kwenye kukinga maji, yaani kwenye ile maana ya kupokea na kuweka akiba.

Sayansi yenyewe iko upande wao. Mwili haujengi kinga kwa kufunga milango. Hujenga kwa kukutana na kile kinachoogopwa na kukitambua. Hii ndiyo siri ya chanjo, na neno chanjo limetokana na kuchanja, kitenzi kilichokuwapo tangu zamani kwa ajili ya chale za mganga na kuni za jikoni. Ngozi hukatwa ili kitu kiingie. Ndui ilimalizwa kwa njia hiyo: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka. Mwalimu wa fizikia naye ana mfano wake. Katika nyanda hizi ambapo radi hupiga sana, majumba makubwa huwekewa kinga ya radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa iliyoungwa na waya hadi ardhini. Mwanafunzi hudhani kazi ya fimbo hiyo ni kuifukuza radi. La hasha. Fimbo huipokea radi na kuiongoza ardhini ili isipite katika kuta na vichwa vya watu. Ni jani la mgomba na pipa kwa pamoja.

Niongeze jambo moja dogo kabla ya kuondoka hospitalini. Mwaka 2020, homa ya Covid-19 ilipoingia nchini mwezi Machi, tulifundishwa kuvaa barakoa ili kujikinga na kuwakinga wengine. Kiambishi -ji- na kiambishi -wa- viliwekwa sambamba juu ya kitenzi kimoja, na hakuna aliyeona tabu. Mtu alikuwa ngao na mkuki kwa wakati mmoja, na lugha ilikubali.

Sasa tuje kwenye siasa. Neno ambalo wanasheria wa Ulaya hulitumia hapa ni lile lile ambalo madaktari wao hulitumia, lakini safari yake ilianzia upande wa pili. Kwa Kilatini, immunis ni mtu asiyedaiwa munus, yaani kodi, utumishi au wajibu ambao raia wenzake wanautoa. Kwa karne nyingi lilikuwa kwanza neno la sheria, na ni katika karne ya 19 ndipo lilipokita mizizi katika elimu ya tiba kama istilahi ya mwili. Ed Cohen ameieleza safari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake A Body Worth Defending cha 2009. Kwao, basi, mwili ulikopa kutoka mahakamani. Kwetu ni kinyume. Kinga lilikuwa la mvua, la ngao na la mwili, na mahakama ndiyo iliyokopa. Mkopo huu una gharama. Anayesamehewa wajibu anakumbusha kwamba wajibu upo na wengine wanaubeba. Anayekingwa anakumbusha kwamba kuna jambo baya linalomjia. Tunaposema kinga dhidi ya mashtaka, mashtaka yamekwisha kupewa kiti kilichokuwa cha malaria na radi. Mahakama imekuwa ugonjwa, na hakuna wakili aliyelazimika kuthibitisha hivyo. Neno limemfanyia kazi.

Ushahidi kwamba Kiswahili kingeweza kufanya vinginevyo umo katika Kiswahili chenyewe. Maana ya awali ya yule immunis ilikuwa kutolipa kodi. Je, kwa jambo hilo sisi tunasema nini? Tunasema msamaha wa kodi. Hakuna mfanyabiashara wa Eldoret anayesema ana kinga ya ushuru. Msamaha una mtoaji. Unaombwa, unapewa, unaweza kunyimwa, na anayeupata ana deni la shukrani kwa wasiousamehewa. Kwa kodi tulichagua neno linalomtaja mtoaji, na kwa jinai tukachagua neno lisilomtaja. Sidhani kwamba kuna kamati iliyoketi na kupanga hivyo. Lakini mazoea nayo huwafaa baadhi ya watu kuliko wengine.

Tutazame sheria zenyewe, kwa sababu hapa neno moja limefunika mambo mawili tofauti. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 ina ibara ya 46 kuhusu kinga dhidi ya mashtaka na madai. Ina fadhila ya kutaja kinachozuiwa. Kinga hiyo, kwa mambo aliyoyatenda mtu kama Rais, inaendelea hata baada ya kuacha madaraka, isipokuwa kama ameondolewa na Bunge kwa utaratibu uliowekwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 143, ni mnyama mwingine. Inasema mashtaka ya jinai hayataanzishwa wala kuendelezwa dhidi ya Rais katika kipindi chake cha utumishi. Fungu lake la tatu, ambalo watu hulipita haraka, linaeleza kwamba pale ambapo sheria imeweka kikomo cha muda wa kufungua kesi, miaka ya urais haitahesabiwa. Maana yake ni kwamba saa inasimamishwa na faili linangoja. Kwa Kiswahili cha kawaida hilo ni ahirisho, si kinga. Fungu la nne linaongeza kwamba hata ahirisho hilo halifiki kwenye makosa ambayo mkataba wa kimataifa uliotiwa saini na Kenya unakataza mtu kuyakwepa kwa cheo. Tukilitumia neno kinga kwa nchi zote mbili bila kuongeza chochote, msomaji wa Nairobi na msomaji wa Dodoma watadhani wanazungumzia kitu kimoja.

Kwamba haya si mabishano ya wanafunzi wa sarufi tu kulionekana katika kesi ya mageuzi ya katiba yaliyojulikana kama BBI. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufaa, zilisema kwamba Rais anaweza kushtakiwa kwa kesi ya madai akiwa madarakani. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikabatilisha, ikasema hawezi kushtakiwa hivyo kwa jambo alilolifanya au kutolifanya chini ya Katiba. Magazeti ya Kiswahili na watangazaji waliripoti hatua hizi zote kwa neno moja: kinga ilipokonywa, kinga ikarudishwa. Vitenzi hivyo ni vya mali. Mtu hunyang'anywa mali na kurudishiwa mali.

Na hapa ndipo ule unganishi mwembamba unapoturudia. Kinga ya malaria ni dhidi ya malaria. Kinga ya radi ni dhidi ya radi. Kinga ya Rais je? Niliwahi kuliuliza swali hili darasani, na mwanafunzi mmoja aliyetoka upande wa sayansi ya afya akajibu bila kusita kwamba ni kinga ya raia dhidi ya Rais. Wenzake walicheka sana. Mimi sikuona kosa katika jibu lake. Sarufi inamruhusu, na Katiba pia, kwani sura ya nne, yenye haki za binadamu, ndiyo hasa kinga ya raia dhidi ya mamlaka. Inasikitisha kwamba maana hiyo, ambayo ingeweza kuwa ya kwanza, leo inachekesha.

Mji huu una sababu zake za kutoyacheka mambo haya kwa muda mrefu. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walijificha katika kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret. Waliifanya nyumba ya ibada kinga yao, nayo ikachomwa moto nao wakiwa ndani. Yaliyofuata yalifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ambayo mkataba wake, katika ibara ya 27, haumtambui mtu kwa cheo chake. Kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na Joshua arap Sang ilianza kusikilizwa tarehe 10 Septemba 2013. Mwezi uliofuata, wakuu wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia kwamba kiongozi wa nchi aliye madarakani asishtakiwe mbele ya mahakama ya kimataifa. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa na mwendesha mashtaka Desemba 2014, na kesi ya Ruto na Sang ilisitishwa na majaji kwa wingi wa kura tarehe 5 Aprili 2016, pasipo hukumu ya hatia wala ya kuachiliwa huru. Si kazi ya makala haya kuamua yaliyowashinda majaji. Kazi yetu ni maneno, na mawili yanatosha.

La kwanza. Oktoba 2014 Kenyatta alipoitwa The Hague, alimkabidhi Naibu wake madaraka kwa siku chache ili aende huko kama raia wa kawaida na si kama Rais. Aliuvua urais kama mtu avuavyo koti. Hakuna mgonjwa awezaye kuivua kinga yake ya mwili akaiacha kwa jirani hadi Ijumaa. Kitendo kile kilionyesha, wazi kuliko kamusi yoyote, kwamba kinachoitwa kinga katika siasa ni cha kiti wala si cha mwenye kukikalia, na kwamba sitiari ya mwili imewekwa mahali isipostahili.

La pili linaniuma zaidi. Katika kesi hizo hizo walikuwapo mashahidi, watu wasio na cheo, ambao usalama wao ulikuwa mashakani tangu mwanzo hadi mwisho. Kwao Kiswahili chetu kilitumia neno ulinzi. Ulinzi wa mashahidi. Kinga ya viongozi. Ulinzi ni askari mlangoni: huja zamu, huondoka, huhitaji bajeti. Kinga ni kitu kilichomo mwilini. Tumewapa wenye nguvu neno la damu, na wanyonge tukawapa neno la mshahara.

Wapo wenzetu wa istilahi ambao wangetaka kuumaliza utata huu kwa kuunda maneno matatu mapya, moja kwa kila uwanja. Siwaungi mkono. Kingamwili tayari lipo kwa ajili ya zile protini za damu, nalo linafaa. Lakini kuzitenganisha kabisa maana za kinga kungekuwa kulificha kosa badala ya kulisahihisha. Ni kwa sababu neno ni moja ndipo tunapoweza kuiuliza siasa yale tunayoiuliza tiba: kinga hii ni ya nani, dhidi ya nini, kwa muda gani, na mwenye kuikinga anapokea nini? Kinga ya Bunge, kwa mfano, inaweza kuyajibu maswali hayo bila aibu. Mbunge halindwi ili apone yeye. Analindwa ili sauti ya waliomtuma ipite kwake, kama radi ipitavyo katika waya.

Kwa ibara ya 143 ya Kenya nilipendekeza, katika kikao kidogo cha watafsiri hapa mjini, tafsiri hii: ahirisho la mashtaka dhidi ya Rais wakati wa utumishi wake. Mwenzetu mmoja wa sheria aliiona ndefu mno, akasema mahakimu wanataka neno moja. Tulibishana hadi chai ikapoa, kisha tukaafikiana juu ya kinga ya muda ya Rais dhidi ya mashtaka. Rasimu iliporudi kutoka kwa mpiga chapa ilikuwa imefupishwa tena ili itoshe pambizoni. Maneno ya muda na dhidi ya mashtaka hayakuwamo.